Ufunguo wa gari ukipotea: gharama yatoka wapi, na la kufanya kabla ya siku hiyo

Ufunguo wa gari la siku hizi si kipande cha chuma tena. Ukiupoteza nawe huna wa pili, hulipii chuma. Walipia kazi ya kulifundisha gari likutambue upya, na kazi hiyo ina bei. Ufunguo wa pili uliochongwa ungali unao wa kwanza, na ufunguo mpya uliotengenezwa huna hata mmoja, ni vitu viwili tofauti kabisa mfukoni. Tofauti hiyo niliijua Keroka, zaidi ya kilomita 700 kutoka nyumbani, tena katika nyumba ya msiba.

Nitaanza na yaliyonipata, kisha nieleze ndani ya ufunguo mna nini, bei yatoka wapi, na hatua za kufuata ukipotelewa. Ukiwa na haraka, ruka hadithi uende kwenye hatua. Lakini nakuomba usiruke sehemu ya mwisho.

Yaliyonipata Keroka

Agosti iliyopita jirani yangu wa Mikindani alifiwa na babake. Yeye ni Mkisii, na tumekaa ua mmoja miaka 11. Watoto wetu wamekula sinia moja, Idi kwangu na Krismasi kwake. Nikamwambia asihangaike na basi, gari langu litampeleka yeye na mkewe. Tukaondoka Mombasa usiku, tukapita Nairobi, Mai Mahiu, Narok, Bomet na Sotik, tukaingia Keroka jioni ya siku ya pili.

Keroka ni mji wa biashara kando ya barabara kuu ya kwenda Kisii. Mpaka wa kaunti mbili umeupitia katikati: huku Kisii, huku Nyamira. Serikali hizo mbili zimewahi kuvutana juu ya nani akusanye ushuru wa soko. Baridi yake si ya mchezo kwa mtu wa Pwani. Lakini watu wake ni wakarimu, na chai haikatiki.

Siku ya mazishi nilivaa kanzu. Ufunguo nikautia mfuko wa kanzu. Aliyezoea kanzu aijua mifuko ile: ukiketi chini au ukichuchumaa, hutema kila kitu. Tulishuka njia ya mteremko baina ya majani chai na migomba, tukazika, na alasiri mvua ikamwagika. Magharibi nilipotaka kulisogeza gari, mfuko mtupu. Vijana wa boma walitafuta kwa tochi za simu mpaka saa nne usiku, na alfajiri wakarudi tena. Matope yalikuwa yameshameza.

Asubuhi tulianza na fundi wa funguo hapo sokoni, mzee mwenye mashine yake ndogo mezani. Aliniuliza gari ni la kuchomeka ufunguo au la kubonyeza kitufe. Nilipomwambia ni la kitufe, akacheka kidogo akasema, "Hilo lenu ni la kompyuta, kijana wangu. Mimi nakata chuma." Nilimshukuru kwa ukweli wake. Fundi wa Kisii mjini, kama kilomita 25 kutoka hapo, alisema ataweza kufungua mlango, lakini hana mashine ya kuandikisha ufunguo mpya kwa gari la aina hiyo ikiwa funguo zote zimepotea. Kampuni moja ya kuuza magari mapya ikaniambia nilikokote gari hadi Nairobi, ufunguo uagizwe kwa nambari ya chesisi, nami ningoje wiki kadhaa. Mwishowe fundi mmoja wa Nairobi akakubali kuja. Bei: shilingi 42,000, nauli ndani. Tukavutana mpaka 38,000.

Kwenye M-Pesa nilikuwa na 14,000.

Sasa sikiliza kinachonichoma hadi leo. Miaka miwili nyuma, nilipolitoa gari lile yadi hapa Mombasa, nilipewa ufunguo mmoja tu. Fundi mmoja akaniambia atanitengenezea wa pili kwa 11,000. Nikaona ananiibia. Nikamjibu kwamba mimi si mtoto wa kupoteza vitu.

Wazee wa boma walikaa kando wakazungumza kwa lugha yao. Nilidhani wapanga mambo ya kusafisha uwanja. Kumbe walikuwa wakihesabu michango iliyobaki ya mazishi. Ami yake jirani yangu akaniletea 24,000 mkononi. Nikakataa. Akaniambia, "Wewe umetuletea mtoto wetu amzike babake. Hatuwezi kukuacha barabarani." Nilikwenda msibani na bahasha ya rambirambi ya 5,000. Nikaondoka na deni la 24,000 kwa wafiwa. Ndugu msomaji, si pesa iliyoniuma. Ni kuwa mzigo kwa watu waliokuwa na mzigo wao tayari, kwa sababu ya ubahili wangu wa miaka miwili nyuma.

Mbona ufunguo umekuwa na mambo mengi?

Wazee wetu walikuwa na mlango, tumbuu na kufuli. Aliyekuwa na chuma chenye meno yanayofaa, huyo ndiye mwenye nyumba. Magari nayo yalikuwa hivyo kwa miaka mingi. Fundi akichonga chuma kingine, gari lawaka. Mwizi naye akivunja kifuniko cha usukani na kuunganisha nyaya, gari lawaka vilevile.

Katika miaka ya 1990 wizi wa magari Ulaya ulizidi. Sheria ya huko ikaagiza kwamba kuanzia Oktoba 1998 magari mapya ya abiria yawe na kizuizi cha kielektroniki, mafundi wetu hukiita imobilaiza. Australia ikafuata 2001, Kanada 2007. Watengenezaji wa Japani nao wakaeneza mfumo huo katika magari yao. Na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hivyo gari ndogo linaloteremshwa leo bandarini Mombasa, mara nyingi huja na kizuizi hicho, utake usitake.

Ndani ya ufunguo mna nini

Mna vitu vitatu, na kila kimoja huharibika kivyake.

Cha kwanza ni chuma. Hata ufunguo wa kitufe una chuma chembamba kilichofichwa ndani yake, cha kufungulia mlango wa dereva betri ikifa.

Cha pili ni chipu ya imobilaiza. Ni kidude kidogo kama punje ya mchele, hakina betri. Unapoingiza ufunguo, waya uliozungushwa penye tundu la kuwashia hutoa mawimbi ya redio, na chipu huamka kwa nguvu ya mawimbi hayo hayo. Kompyuta ya gari huuliza swali, chipu hujibu. Jibu likiwa sawa, injini huruhusiwa kuwaka. Likiwa si sawa, stata yaweza kuzunguka lakini injini haishiki, au hushika sekunde chache ikazima. Katika chipu bora swali hubadilika kila mara, kwa hivyo kusikiliza jibu la jana hakumsaidii mwizi wa leo.

Cha tatu ni rimoti, vile vitufe vya kufunga na kufungua milango. Hii ndiyo yenye betri. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia mawimbi ya karibu megahezi 315, na mengi ya soko la Ulaya hutumia 433. Ukinunua ganda la rimoti mtandaoni kwa kuvutiwa na sura yake, laweza kuja zuri na lisizungumze na gari lako hata kidogo.

Gari la kitufe huunganisha vyote hivi. Gari lenyewe hutuma mawimbi yasiyofika mbali kuutafuta ufunguo, nao hujibu ukiwa mfukoni mwako. Ni raha, lakini raha hiyo ndiyo iliyoongeza bei.

Bei yatoka wapi

Fundi aliyenijia Keroka alifika saa nne asubuhi. Alifungua mlango kwa mfuko wa hewa na fimbo nyembamba bila kukwaruza rangi. Akachukua vipimo kwenye kufuli akachonga chuma. Kisha akachomeka mashine yake kwenye tundu lililo chini ya usukani, akaketi na laptopu zaidi ya saa moja. Nilimuuliza kwa nini elfu 38. Akanihesabia, nami nakuhesabia.

Kwanza, ganda lenyewe na chipu yake. Lazima liwe la aina ya gari lako na la masafa ya mawimbi yake. Magari mengi hayakubali ufunguo uliokwisha kuandikishwa kwa gari jingine, hadi fundi aufute kwanza kwa kifaa maalumu, na aina nyingine hazifutiki.

Pili, mashine. Fundi hununua kifaa cha kusomea kompyuta za magari, na vifaa vingi hutaka alipe tena ili vipate programu za magari mapya. Mashine ya kuchonga funguo zenye mfereji ubavuni nayo si ile ndogo ya sokoni.

Tatu, na hapa ndipo penye siri ya bei yote, ni idhini. Ukiwa na ufunguo mmoja unaofanya kazi, ndio unaomtambulisha mwenzake. Gari laamini ya kuwa mwenyewe yupo, na ufunguo mpya huandikwa haraka. Ukiwa huna hata mmoja, gari halimjui mtu. Kwake wewe na mwizi ni sawasawa. Fundi lazima apate nambari ya siri ya gari, au asome kumbukumbu ya kisanduku cha imobilaiza. Katika magari mengine hulazimika kukitoa kisanduku hicho chini ya dashibodi, akifungue na kuunganisha nyaya juu ya chipu yake. Akikosea, huenda ukanunua kisanduku kingine. Hatari hiyo nayo imo katika bei.

Nne, safari. Mafundi wenye mashine hizi wako zaidi Nairobi na Mombasa. Ukipotelewa Keroka, Garsen au Kiunga, umbali nao ni bili.

Tano, ulinzi wenyewe wazidi kuwa mgumu. Mwaka 2005 watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins na maabara za RSA, Marekani, walionyesha kwamba chipu iliyokuwa ikitumika katika mamilioni ya magari yaweza kuvunjwa siri yake. Watengenezaji wakaleta chipu ngumu zaidi. Kila kufuli likikazwa dhidi ya mwizi, hukazwa pia dhidi yako siku uliyopoteza ufunguo. Magari ya Kijerumani kama BMW na Mercedes-Benz yako mbele zaidi katika hilo. Mengi yao hutaka ufunguo ulioagizwa kwa nambari ya chesisi, na bei yake huzidi ya gari la kawaida la Kijapani.

Basi fundi hakuniibia. Wala yule wa Mombasa aliyetaka 11,000 hakuwa akiniibia.

Kabla ya kulia: hakika umekufa?

Watu wengine hulipa pesa nyingi kwa ufunguo ambao haukupotea wala kuharibika. Jaribu haya kwanza.

Milango haifunguki kwa rimoti? Badilisha kibetri. Wengi hutumia CR2032, wengine CR1632. Namba imeandikwa juu ya kibetri chenyewe, na bei yake si zaidi ya kifungua kinywa cha chai na mahamri.

Gari la kitufe halikuoni? Toa kile chuma kilichofichwa, fungua mlango wa dereva, kanyaga breki, kisha gusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia na ubonyeze. Chipu haihitaji betri, kwa hivyo gari nyingi zitawaka. Katika baadhi ya magari pahali pa kugusisha ni pengine, tazama kitabu cha gari.

Umeingia nao baharini Nyali au Diani? Toa kibetri upesi, suuza kwa maji baridi ya bomba ili chumvi itoke, ufungue ganda na uanike kivulini siku nzima. Usiutie mchele wala usiubonyeze ungali maji. Rimoti yaweza kufa, lakini chipu mara nyingi husalimika, na ikisalimika umeokoa sehemu kubwa ya gharama.

Ukiwa umepotea kweli

Kwanza, rudi ulikopita, na waambie watu wa pale kwa adabu, pamoja na zawadi. Toa nambari ya simu, usitaje gari limeegeshwa wapi.

Pili, piga ripoti kituo cha polisi upewe nambari ya OB. Keroka tulibishana kidogo kama ufunguo ulianguka kaunti ya Kisii au ya Nyamira, mpaka tukacheka katikati ya msiba. Polisi hawajali mambo hayo. Ripoti hiyo itakusaidia mtu akilichukua gari kwa ufunguo uliookotwa, na fundi mwaminifu huenda akaitaka.

Tatu, piga simu kwa wakala wako wa bima. Uliza kama mkataba wako wagusa funguo. Usidhani kwamba bima kubwa yafunika kila kitu.

Nne, tafuta bei kwa mafundi wasiopungua watatu. Mpe kila mmoja aina ya gari, mwaka, kama ni la kuchomeka au la kitufe, na umwambie wazi kwamba huna ufunguo hata mmoja. Uliza bei ni ya kazi nzima au kuna nyongeza ya nauli, chuma na kufungua mlango. Usitume pesa yote kwanza.

Tano, fundi asiyekuuliza hati za umiliki na kitambulisho, muogope. Anayekutengenezea wewe bila kuuliza, kesho atamtengenezea mwingine ufunguo wa gari lako.

Sita, usikubali kizuizi kiondolewe. Wapo watakaokuambia, "Tuzime imobilaiza, ni rahisi." Gari litawaka kwa chuma chochote, na litakuwa halali ya mwizi. Bima nayo ikijua, huenda ukakosa fidia.

Saba, kazi ikiisha, mwambie fundi afute ufunguo uliopotea katika kumbukumbu ya gari, na akuonyeshe kwenye mashine idadi ya funguo zilizoandikishwa. Ziwe ni zile ulizo nazo mkononi, basi. Hili ni muhimu kuliko watu wengi wanavyodhani: atakayeuokota matopeni asiwe na kitu ila chuma cha kufungulia mlango.

Usipoziba ufa

Wahenga wetu walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukinunua gari, iwe la yadi au la mkononi, uliza swali moja kabla ya kulipa: funguo ziko ngapi? Magari mengi yaliyotumika Japani hufika na mmoja. Likija na mmoja, ipunguze bei ya gari kwa gharama ya ufunguo wa pili, na uutengeneze wiki hiyo hiyo, ungali na nguvu ya kujadiliana na hamna dharura.

Tazama pia kama kuna kibati kidogo chenye namba, hufungwa na funguo au hutiwa ndani ya bahasha ya vitabu vya gari. Namba hiyo humwezesha fundi kuchonga chuma bila kupima kufuli. Iandike pahali pa siri, wala usiipige picha ukaisambaza. Nakala ya ufunguo usiitie ndani ya gari, wala katika shada moja na wa kwanza. Iache kwa mtu utakayeweza kumpigia simu saa nane usiku. Na ukisafiri mbali, wa pili awe nao mwenzako, si wewe.

Mimi nilipofika Mombasa, jambo la kwanza lilikuwa kumtafuta yule fundi wa 11,000. Bei ilikuwa imepanda, sasa yataka 13,000. Sikupunguziwa, wala sikuomba. Ufunguo wa pili anao mke wangu. Deni la Keroka nililirudisha kwa awamu tatu, nikamaliza Novemba. Ile ya mwisho nilipoituma, ami yake jirani yangu alinipigia simu, hakuzungumzia pesa. Aliniambia mvua imekatika na vijana bado wauangalia ufunguo wangu wakipita njia ile ya chai.